Mama Aligusa Kioo

"Una watoto wangapi, Mama?"

"Wawili."

"Jamani, Mama!"

"Jamani nini? Umeuliza, nimejibu. Au ulitaka nikujibu kwa kuimba?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, pini mdomoni, nampandishia upindo wa gauni asije akajikwaa kwenye ngazi za watu. Mimi ni fundi cherehani, pini mdomoni nimezizoea, lakini asubuhi ile nilikaribia kumeza moja. Nikazitema kiganjani nikaanza upya, taratibu, kama ninavyosema na mteja aliyenenepa halafu anadai mimi ndiye niliyekosea kipimo.

"Sikiliza, Mama. Kule makumbusho kuna msimamizi. Akikuuliza una watoto wangapi, unasema mmoja. Mmoja, basi. Ni mimi."

"Na yule mwingine nimtupe wapi?"

"Usimtupe popote. Usimtaje tu."

"Mimi sikani tumbo langu," akasema, akageuka kutazama dirishani. Nikarudisha pini mdomoni nikaendelea na upindo.

Niseme mapema, maana sipendi hadithi za kuzungushana. Nilikuwa na kaka. Tulimwita Kidomo, kwa sababu tangu utotoni hakujua kula bila kubakiza kitu pembeni mwa mdomo. Hata alipoota ndevu, Mama alikuwa anamdaka mlangoni, analamba kidole gumba, anamfuta ile pembe ya mdomo, ndipo anamwachia aende zake. Vita vilipokuja akachukuliwa kuendesha lori katika jeshi la Jemadari. Vita vilipokwisha Jemadari akarudi na nyota mabegani, Kidomo hakurudi. Dereva mwenzake alitunong'oneza kwamba aliamriwa apeleke mafuta ya kuchomea mji uliokuwa bado na watu ndani, akazima lori, akatupa ufunguo mtoni. Zaidi ya hapo hakujua. Redio ikamtaja katika wasaliti.

Jamaa za wasaliti walitolewa majumbani mwao, vyombo vikarushwa barabarani. Baba mmoja wa mtaani kwetu aliitwa kwenda kujibu maswali mawili matatu, akatoka na kandambili miguuni na chai yake ikiwa bado mezani. Mpaka leo. Sisi hatukungoja kuitwa. Nilitia picha zote za Kidomo jikoni zikaungua, tukafungasha, tukahamia mji huu ambako hakuna aliyetujua. Hapa nimeshona, nimeolewa, nimezaa, nimefiwa na mume, na muda wote huo kazi yangu kubwa haikuwa kushona. Ilikuwa kumziba Mama mdomo.

Maana Mama hakukubali hata siku moja kwamba mwanawe amekufa. Hakutaka tumlilie. Ukimuuliza watoto, iwe sokoni, iwe hospitali, iwe kwa fundi viatu, jibu ni lile lile: wawili, mmoja hajarudi. Mimi nacheka kicheko cha uongo, nasema Mama umri umemzidi, anachanganya mambo, huku kijasho chembamba kinanishuka mgongoni. Jemadari mwenyewe alishakufa, lakini aliowaachia kiti wamekikalia vizuri, na watu wao wako kila mahali wanasikiliza.

Halafu binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akaja siku moja anaruka ruka: amepata kazi ya kuongoza wageni. Wapi? Makumbusho ya Jemadari! Nimkataze kwa sababu gani? Yeye alijua tu kwamba alikuwa na mjomba akapotea vitani, basi. Hakuwahi kuiona hata sura yake. Ningemwambia zaidi ningemtwisha mzigo wangu, na mtoto mwenyewe uso wake hauna siri, ukimpa chai ya moto unaiona usoni. Nikanyamaza. Akawa anakariri maelezo yake mbele ya kioo cha kabati asubuhi na jioni, mpaka nikambandika jina la Kasuku.

Sasa pale makumbusho wana utaratibu wao. Mwongozaji hapewi kazi ya kudumu mpaka kwanza awatembeze watu wa nyumbani kwake, wote, vyumba vyote, msimamizi akiwa nyuma anatazama. Wanaiita Siku ya Jamaa. Wanasema ni heshima kwa familia. Heshima gani! Wanataka kuona mtu katoka kwenye nyumba ya namna gani, nani anatikisa kichwa, nani anaangalia chini. Mwenzake binti yangu alitembeza wazazi wake, baba mtu akapiga mwayo mbele ya koti la Jemadari. Kijana yule hakuonekana tena kazini, na nyumba yao sasa ina kufuli kwa nje.

"Mmoja," nilimwambia Mama tena tulipokuwa tunafunga mlango.

"Nimekusikia, mimi si kiziwi," akajibu. Hakusema kama amekubali.

*

Mlangoni mlinzi wa kike alitupekua, kisha akatuvisha viatu mifuko ya kitambaa yenye mpira, tusichafue sakafu. Mama akainua mguu akautazama.

"Makubwa! Leo na miguu imevaa kofia."

Mlinzi hakucheka. Binti yangu alikuwa anatusubiri ndani, sare ya kijivu imemkaa sawasawa, niliibana kiunoni mwenyewe. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, na nilipomtazama vizuri nikaona kidevu kinamtetemeka. Mama akaenda kwake moja kwa moja.

"Mke mwenza! Ndio umependeza hivi? Mume wetu akikuona leo mimi sina changu." Akalamba kidole gumba, akamfuta pembeni mwa mdomo. "Lakini umekuja kazini na chai yako."

"Bibi! Niko kazini," binti yangu akanong'ona, uso umemwiva.

"Mwache tu, Bibi ni Bibi," sauti ikasema nyuma yetu.

Ndivyo nilivyomwona msimamizi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu mnene mwenye ngumi. Kumbe ni kibwana chembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, sauti ya chini, ya upole. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni nyumbani kwa Jemadari. Mimi nitakuwa nyuma tu, msinijali."

Msinijali! Viatu vyake navyo vilikuwa na ile mifuko, kwa hiyo hukusikia anapokanyaga. Ungedhani yuko mbali, ukigeuka yuko begani kwako.

Tukaanza. Chumba cha kwanza buti za Jemadari, ndani ya sanduku la kioo, zinang'aa. Chumba cha pili kitanda chake cha turubai, darubini, kikombe cha bati. Sakafu ilinuka polishi mpya, na taa ziliwekwa chini chini ili vitu ving'ae na watu wabaki gizani. Kasuku wangu alikuwa anatiririka bila kukosea hata neno. "Katika kitanda hiki Jemadari alilala nyakati zote za mapambano, akikataa kitanda cha starehe." Nikawa natikisa kichwa kwa heshima. Nilitikisa sana, mpaka shingo ikauma, nikaogopa kuwa nimezidisha na ataona navunga.

"Nani alikuwa anakitandika?" Mama akauliza, ameinama mpaka pua inakaribia shuka.

Binti yangu akapepesa macho, maana swali lile halikuwamo katika aliyoyakariri.

"Wasaidizi wake, Bibi."

"Hawakuwa wanajua kutandika. Ona shuka lilivyolegea."

Sikugeuka nyuma. Nilisikia pumzi ya msimamizi ikitoka puani, fupi, sijui ni kicheko, sijui ni kitu kingine. Nikamshika Mama kiwiko nikambinya, naye akaninyang'anya kiwiko chake.

Chumba cha tatu hakikuwa na kitu isipokuwa sauti. Sauti ya Jemadari ikitoka kwenye vipaza sauti ukutani, hotuba yake ya ushindi. Sikuwa nimeisikia tangu tulipohama. Tulikuwa tunaisikia redioni kila jioni, na baada yake ndipo wanasoma majina ya wasaliti. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mama mtu mzima mwenye mvi, nangoja wasome majina. Hotuba ikaisha, ikakohoa kidogo, ikaanza upya.

"Ana kikohozi huyu," Mama akasema.

"Twende, Mama," nikasema.

Msimamizi akatangulia kidogo, akafungua mlango wa pembeni. Akamwambia binti yangu, "Waonyeshe na hiki kipya. Kimefunguliwa wiki hii. Jamaa zako wawe miongoni mwa wa mwanzo."

Juu ya mlango pameandikwa Chumba cha Hukumu. Mimi najua kusoma, Mama hajui. Nikamwangalia binti yangu nikitumaini atasema muda umekwisha, choo kiko huku, chochote. Lakini yeye alikuwa na furaha ya mtoto aliyeaminiwa, akatutangulia ndani.

Kilikuwa chumba kirefu chenye picha moja tu. Imejaza ukuta mzima, watu ni wakubwa kama sisi tuliosimama, na mbele yake kioo kutoka sakafuni mpaka juu. Wanaume wameketi chini wameegemea ukuta, mikono imefungwa nyuma. Askari wamesimama juu yao. Wengine wameinamisha vichwa. Mmoja hakuinama, anaangalia kamera.

Alikuwa Kidomo.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini sikupiga kelele. Alikuwa na lile shati nililomshonea mimi nilipokuwa najifunza kazi, kola moja ndefu kuliko nyingine, alikuwa ananitania kwamba nimemshonea shati la kobe. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na alama nyeusi inayoshuka mpaka kidevuni. Picha haikuwa na rangi, lakini sikuhitaji kuambiwa ile ni damu.

"Hawa," binti yangu akaanza, kwa sauti yake ile safi ya kioo cha kabatini, "ni wasaliti waliokamatwa katika siku za mwisho za mapambano. Walikataa amri na kuhatarisha maisha ya wenzao. Picha hii ilipigwa asubuhi ya hukumu yao. Hukumu ilitekelezwa siku hiyo hiyo, mbele ya ukuta huu."

Aliyasema yote hayo huku akimwelekezea mkono mjomba wake, kiganja juu, kama alivyofundishwa.

Nikajikaza kisabuni. Macho ya Mama yana ukungu, nikajiambia. Uzi kwenye sindano hauoni. Hata mimi ananitambua kwa mwendo. Picha ya zamani, taa hafifu, mpitishe haraka haraka, hataona. Nikampitishia mkono mgongoni nikamsukuma polepole kuelekea mlango wa kutokea.

Mama hakusogea. Alikuwa mzito ghafla, amezamisha miguu kwenye ile sakafu. Akajitoa mkononi mwangu, akaenda mpaka kwenye kioo, uso wake ukakaribia kukigusa. Akakaa hivyo. Nilisikia anapumua. Nikaomba Mungu ambaye simwombi mara nyingi: mfunge mdomo, mfunge mdomo, anyamaze leo tu, halafu nyumbani apige kelele mpaka paa lidondoke.

Akanyamaza kweli. Alilamba kidole gumba, akanyoosha mkono, akaanza kumfuta Kidomo pembeni mwa mdomo.

Kengele ikalia.

Ilikuwa kengele kali, ya kupasua masikio, na taa nyekundu ikawaka juu ya mlango. Mama hakuondoa mkono. Anafuta tu, taratibu, anarudia, anakunja uso kama mtu anayeshindwa na doa sugu. Mlinzi akaingia mbio. Msimamizi akainua mkono mmoja, mlinzi akasimama. Akabonyeza kitu ukutani, kengele ikakatika.

Nikamtazama binti yangu. Alikuwa anakitazama kidole cha bibi yake. Kidole kile kimemfuta yeye mdomo maisha yake yote, kilimfuta asubuhi ile ile. Nikaona rangi inamtoka usoni, anaangalia kidole, anamwangalia mtu wa pichani, ananiangalia mimi. Alikuwa ameshaelewa. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka kuelekea picha, amesahau kuushusha.

"Mama," msimamizi akasema, upole ule ule. "Kioo hakiguswi."

"Ah. Sikujua, baba."

"Unamfahamu huyu?"

Mimi ndiye niliyetakiwa kujibu. Mimi niliyemfundisha Mama majibu tangu alfajiri. Nikafungua mdomo, haukutoka hata upepo. Nilikuwa naona nyumba yetu ina kufuli kwa nje, cherehani yangu iko barabarani imelala ubavu, binti yangu anapakiwa garini na sare yake niliyoibana kiunoni. Nilikuwa nimekufa ganzi, wallahi, angenisukuma ningeanguka kama gogo.

Mama akamgeukia. Alikuwa mfupi, akamtazama kutoka chini.

"Macho yangu yana ukungu, mwanangu. Namwona mtu tu."

"Ulikuwa unamfuta."

"Ana uchafu mdomoni."

Msimamizi akatabasamu. Akachuchumaa kidogo ili macho yao yalingane, kama watu wanavyofanya na watoto.

"Una watoto wangapi, Mama?"

Nilifumba macho. Nilijua jibu. Nimelisikia maisha yangu yote, nimeligombeza, nimelicheka, nimelificha. Nikangoja lile neno.

"Mmoja," Mama akasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa amenyoosha kidole kwangu bila kunitazama.

"Huyo hapo. Mmoja tu. Mungu hakunijalia mwingine."

Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa kavu, ya kawaida, ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Na nyuma yake, kwenye kioo, Kidomo anatutazama sote, na mate ya mama yake yanakauka mdomoni pake. Nilikuwa nimelitaka neno lile kwa miaka yote. Nilipolipata nilitamani kumrudishia alimeze.

Lakini yule mtu hakuinuka. Aliendelea kuchuchumaa, anamwangalia.

"Kwa hiyo ulimfuta mtu usiyemjua," akasema. "Ya nini?"

Hapo ndipo Mama alipofanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nywele zinanisimama. Alilamba kidole gumba. Kile kile. Akamshika msimamizi kidevu kwa mkono wa kushoto, akamgeuza uso kwenye mwanga, akamfuta pembeni mwa mdomo.

"Kwani wewe nakujua?" akasema. "Na bado umekuja kazini na makombo. Mkeo hakutazami kabla hujatoka? Loo, wanaume nyie!"

Mlinzi akashika mdomo wake. Msimamizi alibaki ameduwaa, kidevu chake kimo mkononi mwa mama yangu, mate ya Mama yanang'aa mdomoni mwake. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumgusa mtu yule tangu aanze kazi ile. Nilihesabu tumekufa. Nikasubiri.

Akacheka.

Alianza kidogo, puani, kisha akacheka kabisa, akasimama anatafuta leso. Mlinzi naye akaachia kicheko. Mama akacheka na mapengo yake yote nje, bibi kizee hamnazo, anafuta midomo ya watu hovyo. Mimi nikacheka pia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sikuwa na haja ya kueleza machozi yale ni ya nini.

"Bibi huyu!" msimamizi akamwambia binti yangu. "Endelea, mwongozaji. Umalizie."

Na mtoto yule, Mungu amlinde, akashusha mkono wake, akameza mate, akasema, "Tafadhali nifuateni. Chumba kinachofuata ni cha koti la Jemadari." Tukamfuata. Tukasimama mbele ya koti kimya, mikono kifuani, kama inavyotakiwa. Hakuna aliyepiga mwayo.

Wakati wa kutoka msimamizi alitusindikiza mpaka mlangoni. Alikuwa bado anajifuta pembe ya mdomo na leso, anatazama leso, anajifuta tena.

"Tutaonana, Mama," akasema.

"Tukijaliwa, baba."

*

Njiani Mama alitembea amekunja mkono wa kulia, ngumi imefungwa, kidole gumba ndani. Nilimwita mara mbili, hakuitika. Kila gari lililopunguza mwendo nyuma yetu nilihisi linatufuata. Moja likasimama kabisa kando yetu, kumbe dereva alitaka kuuliza njia ya stendi.

Nyumbani nilifunga mlango kwa komeo, nikasogeza na meza ya kukatia nguo. Nikapasha chakula, nikamletea Mama bakuli la maji anawe. Akalitazama bakuli.

"Sinawi."

"Utakulaje, Mama?"

"Basi sili."

"Mama, tafadhali. Yamekwisha."

Akafungua ngumi. Akanionyesha kidole.

"Hiki kimemgusa mwanangu," akasema. "Halafu nikamshika nacho yule mshenzi. Wote wawili wako hapa hapa. Nikimnawa yule, nitamnawa na huyu." Akafunga ngumi tena. "Na nimemkana mbele yake. Ananitazama, nikasema Mungu hakunijalia. Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia, Mama."

"Hukukosea kunifundisha. Nimesema vizuri?"

Nikakaa chini miguuni pake, nikaweka kichwa kwenye goti lake, kwenye gauni lile nililolipandisha upindo asubuhi, nikalia. Yeye hakulia. Aliniacha nilie, mkono wa kushoto kichwani pangu, ngumi ya kulia ameipakata.

Mlango ukagongwa.

Tuliruka wote wawili. Nikazima jiko, sijui kwa nini, kana kwamba harufu ya chakula ndiyo ingetuponza. Ukagongwa tena.

"Mama, ni mimi."

Nikavuta meza, nikafungua. Binti yangu aliingia amevaa sare yake bado, hakubadilisha. Alisimama katikati ya chumba, hamwangalii mtu.

"Nimepata," akasema. "Kazi ya kudumu. Amesema familia yangu ni watu wa kawaida kabisa, wacheshi." Midomo ikaanza kumcheza. "Nimepangiwa chumba kimoja cha kuwaelezea wageni kila siku. Amenichagulia mwenyewe. Kile kipya."

"Amekuchagulia kile?" nikauliza. "Alikuwa anacheka alipokuambia?"

"Alikuwa anajifuta mdomo."

Yule mtu alijua, au hakujua, au alitaka kujua polepole, kila siku, kwa kumtazama mtoto wangu usoni akisema yale maneno mbele ya ule ukuta. Na mtoto wangu uso wake hauna siri. Nikamwambia aache kazi. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba anayeacha kazi ya kile chumba ataulizwa kwa nini, na mimi nilijua kwamba ni kweli.

"Mke mwenza," Mama akaita.

Binti yangu akaenda kwake, akapiga magoti.

"Kile kioo, nani anakifuta?"

"Mimi, Bibi. Kila asubuhi, kabla hawajafungua. Napewa kitambaa na dawa. Wakati huo kengele wanaizima."

"Unakuwa peke yako?"

"Peke yangu."

Mama akamtazama kwa yale macho yake ya ukungu. Akafungua ngumi polepole, akanyoosha kidole gumba bila kukilamba, akamgusa mjukuu wake pembeni mwa mdomo.

"Uanzie hapa," akasema. "Usimwambie kitu, wasikusikie. Uanzie hapa tu, yeye atajua."

"Ndiyo, Bibi."

Mama akashusha pumzi. Akakunja mikono ya gauni, wa kulia na wa kushoto, akanigeukia.

"Haya," akasema. "Nileteeni hayo maji, ninawe."